Watu wa Kuazima

Khemisa amerudisha daftari
na duara la wino mwekundu ukurasa wa tisa.
Pembeni ameandika: "Huyu nani?"
Basi.

Umeme umekatika tena huku kambini, Arua.
Nimewasha taa ya sola,
yunifomu yangu imening'inia mlangoni
kama mgeni asiyetaka kuaga.
Nasoma nilichokiandika juzi:
Ezaruku, fundi wa visima, alimshika Candiru mkono,
akamwambia, Ewe ua la moyo wangu,
bila wewe mimi ni jangwa.

Jangwa!
Ezaruku yupi?
Yule niliyemsikia redioni kila Alhamisi, misimu mitatu,
ambaye mamaye alipofariki
hakukaa matangani,
alichukua spana namba kumi na saba
akaenda kufungua pampu iliyokufa,
kwa kuwa, alisema, "waombolezaji watataka maji"?
Mtu huyo hana jangwa kinywani.
Ana orodha ya vipuri.

Na ningepaswa kujua, mimi hasa.
Mchana kutwa kituoni naandika maelezo ya mashahidi.
Mwekee mama muuza mihogo neno moja lisilo lake,
"nilishuhudia", badala ya "niliona na haya macho",
hakimu atalinusa kabla hajageuza karatasi.

Nilimvua shati haraka mno, ndilo kosa.
Lilipotoka shati, naye akatoka ndani yake,
kikabaki kifua, pumzi, mikono,
mwanamume wa hadithi yoyote ile.
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
bibi yake Khemisa hutuambia.
Na mwili wa kuazima je?
Nimeuazima kwa mwandishi nisiyemjua,
aliyewaacha wawili hao usiku mmoja
mlangoni pa duka la dawa, mvua ikinyesha,
yakaingia matangazo ya sabuni,
na Alhamisi ya pili kumekwisha kucha.

Saa zile za katikati ndizo zangu.
Hakuna anayezidai.
Lakini si saa tupu: mna kovu la kidole gumba chake,
mna Candiru anayecheka pasipochekwa,
aliyecheka kanisani, aliyecheka mbele ya mkopeshaji,
nami nikamfumba macho, nikamlegeza,
nikamnyima hata kicheko kimoja.

Nachana. Naanza tena.

"Komeo lako limelegea," anasema.
Ndilo neno la kwanza. Candiru anangoja la pili.
La pili ni: "Una bisibisi?"
Anacheka, angefanyaje,
kiganja mdomoni, mvua juu ya mabati,
naye Ezaruku anakaza skrubu moja, mbili,
ya tatu inamponyoka
kwa sababu mwanamke amesimama nyuma yake
na paji la uso ameliegemeza
katikati ya mabega yake.
Hageuki upesi. Hajawahi kugeuka upesi.
Anaiweka bisibisi kwanza, mahali pake.
Kisha anainama, anafungua kamba za viatu,
misimu mitatu hajavua viatu nyumbani kwa mtu,
anavipanga, visigino ukutani,
na bado ameinama anauliza:
"Asubuhi nitavikuta hapa?"

Ajabu.
Kwenye ule ukurasa wa uchi sikuona haya hata kidogo.
Kwa viatu hivi uso umeniwaka
hata nimeigeuza yunifomu itazame mlango.

Yaliyobaki niliyaandika kwa mistari sita, na hayawahusu.
Ila skrubu ya tatu sikumruhusu mtu aiokote.
Maana Alhamisi ile, kama mnakumbuka,
mteja alimuuliza Candiru mbona anachechemea,
naye akacheka peke yake, kwa muda mrefu,
akampa dawa ya kikohozi.